Maandishi ya Gari Dogo

Ndugu zangu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Ngara na Biharamulo, natumaini kila mmoja ameketi mahali penye mwanga, na karatasi hii ipo mbele yake. Mwalimu wa darasa asome kwanza kwa sauti, kisha kila mwanafunzi asome kipande chake. Kwa somo hili tafuteni pia penseli, rula na kioo kidogo cha kujitazamia.

Somo letu la leo ni juu ya magari madogo ya kuchezea, na hasa juu ya maandishi yake. Yamkini mtu atasema, "Hayo ni mambo ya watoto." Avumilie kidogo, kwani katika jambo hili dogo mna kusoma, mna hesabu, mna afya ya mtoto, na mna fedha ya halali.

Katika vijiji vyetu yako magari madogo ya namna nyingi. Yako ya waya, yako ya miti, yako ya makopo yaliyokatwa na kukunjwa, na magurudumu yake ni visigino vya ndala au vifuniko vya chupa. Mtu akiketi kando ya njia kuu pale Nyakanazi, Lusahunga au Benaco, anaona malori na mabasi yaendayo Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Mtoto anayatazama, anarudi nyumbani, anatengeneza la kwake. Watu wazima nao, wenye msumeno na nyundo, hutengeneza mazuri zaidi na kuyauza.

Lakini angalieni magari hayo kwa makini. Mara nyingi umbo ni zuri, na maandishi ni mabaya. Jina limeandikwa kwa msumari au kwa brashi nene. Herufi moja ni kubwa, nyingine ni ndogo, na herufi ya mwisho imekosa nafasi. Mnunuzi analitazama, analigeuza, kisha analirudisha mezani. Leo tutajifunza kuandika maandishi safi, madogo, na kuyabandika juu ya gari.

JINA NDILO LIJULISHALO

Kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake, mama huuliza, "Jina lake linasemaje?" Gari nalo ni hivyo hivyo. Mabasi mawili yaweza kuwa ya kiwanda kimoja na rangi moja, ila abiria anayatofautisha kwa kusoma ubavuni.

Nitawapa mfano unaojulikana duniani. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Magari yalipita katika matope na mavumbi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha gari aina ya Volvo PV544. Baadaye Joginder alishinda tena, mwaka 1974 na mwaka 1976, kwa gari aina ya Mitsubishi. Katika nchi za mbali wako watu ambao hutengeneza mifano midogo ya magari hayo, midogo kiasi cha kukaa katika kiganja. Sasa jiulize: mtu atajuaje kwamba gari lile dogo ni la Joginder, wala si Volvo nyingine yoyote? Atajua kwa namba ya mlangoni, kwa kibao cha mashindano, na kwa majina yaliyoandikwa. Ondoa maandishi hayo, nalo litakuwa gari tu.

STIKA YA MAJI NI NINI?

Mafundi wale hawaandiki kwa brashi. Herufi yenye kimo cha milimita 2 haiandikiki vizuri kwa mkono. Wao hutumia stika ya maji. Kazi hii ya kuhamisha picha kutoka karatasini ni ya zamani. Wafaransa waliiita décalcomanie, na katika karne ya 19 ilitumika sana kupamba vyombo vya kaure.

Stika ya maji ina matabaka matatu. Chini kabisa ni karatasi. Juu yake ni gundi inayoyeyuka katika maji. Juu ya gundi ni utando mwembamba sana wenye maandishi. Fikirini utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Stika ikitiwa majini kwa muda wa nusu dakika, gundi hulainika, na utando huteleza kutoka juu ya karatasi. Fundi huuelekeza mahali pake, huukamua maji kwa kitambaa laini, na ukikauka hupaka vanishi juu yake.

Karatasi ya namna hiyo si rahisi kuipata katika maduka ya vijijini. Msikate tamaa. Tutafanya kazi ileile kwa vitu vinavyopatikana mjini Ngara, mjini Biharamulo, na popote penye duka la kutoa kopi.

KWANZA, HESABU YA KIPIMO

Kabla ya kuandika, pima. Tuseme basi la kweli lina urefu wa mita 12, yaani sentimita 1,200. Gari lako la mti lina urefu wa sentimita 30. Gawanya 1,200 kwa 30, utapata 40. Maana yake, basi la kweli ni kubwa mara 40 kuliko gari lako. Basi kila kipimo cha basi kigawanye kwa 40.

Ikiwa herufi za ubavuni mwa basi zina kimo cha sentimita 40, zako ziwe na kimo cha sentimita 1. Ikiwa herufi za mlangoni zina kimo cha sentimita 20, zako ziwe nusu sentimita, yaani milimita 5. Tuseme kibao cha namba kina urefu wa sentimita 52. Chako kitakuwa sentimita 1 na milimita 3.

Utasema, "Mkono wangu hauwezi kuandika udogo huo." Ni kweli, wala usijaribu. Andika herufi kubwa zenye kimo cha sentimita 4, kwa kalamu nyeusi nene na kwa rula. Kisha mwambie mwenye duka aipunguze kopi kwa nusu. Chukua kopi hiyo, aipunguze tena kwa nusu. Nusu ya 4 ni 2, na nusu ya 2 ni 1. Umepata sentimita 1. Tena kuna faida nyingine: mtetemo wa mkono wako nao umepungua mara nne, wala hauonekani. Ila usiandike kwa mistari myembamba, kwa maana nayo itapungua hata ipotee.

PILI, SOMA KABLA YA KUKATA

Ukikosea herufi daftarini, unaifuta. Ukikosea juu ya gari, umeharibu gari. Wengi wetu katika wilaya hizi tumekulia katika Kihangaza, Kishubi na lugha nyingine za nyumbani ambazo hazitenganishi L na R kama Kiswahili kinavyotenganisha. Hilo si aibu, lakini lataka uangalifu. Andika SAFARI, usiandike SAFALI. Andika BIHARAMULO, usiandike BIHARAMURO. Ukimaliza kuandika, mpe mwenzako asome kwa sauti. Asikupe heshima ya uongo. Akisoma kosa, aseme.

Tena chagua jina lako mwenyewe. Usibandike nembo wala jina la kampuni ya watu juu ya vitu vya kuuza bila idhini yao, kwa kuwa nembo ni mali yao. Majina mazuri yako tele: RUVUBU, BURIGI, RUSUMO, SAFARI NJEMA, POLEPOLE. Waweza pia kuandika jina la mtoto atakayenunuliwa gari. Hapo mzazi hawezi kulirudisha mezani!

TATU, NJIA YA SELOTEPU

Njia hii yafaa kwa gari la bati na kwa gari la mti lililopakwa rangi. Vitu vinavyotakiwa ni kopi ya maandishi yako, selotepu pana isiyo na rangi, ile ya kufungia maboksi, na pia wembe, kijiko na maji ya vuguvugu.

Kwanza ijaribu kopi. Lowesha kidole na ukipitishe pembeni mwa maandishi. Wino ukichafuka, kopi hiyo haifai. Wino wa mashine nyingi za kutoa kopi ni unga unaoyeyushwa kwa moto ukagandamana na karatasi, nao hauyeyuki katika maji. Lakini zipo printa zinazotumia wino wa majimaji, huo utakimbia.

Kopi ikifaa, fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Bandika selotepu juu ya maandishi. Sugua kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda pembeni, pasibaki hewa.

2. Kata kuzunguka maandishi kwa wembe. Acha ukingo mwembamba pande zote.

3. Tia katika maji ya vuguvugu kwa dakika tano.

4. Geuza upande wa karatasi uwe juu. Sugua taratibu kwa ncha ya kidole. Karatasi itajikunja kama taka za kifutio na kutoka. Usitumie ukucha. Lowesha tena, sugua tena, mpaka usione weupe. Wino utabaki umeshikwa na selotepu.

5. Weka ikauke, upande wa gundi ukitazama juu. Ikikauka, gundi hunata tena. Ikiwa haitoshi, paka gundi nyeupe ya seremala, nyembamba sana.

6. Bandika mahali pake. Kandamiza kwa kitambaa laini, tena kutoka katikati kwenda pembeni.

Kumbukeni jambo moja. Stika haipendi mahali penye makwaruzo. Mtu akibandika juu ya mbao isiyopigwa msasa, hewa hukaa katika vishimo chini ya stika, na maandishi huonekana yana ukungu mweupe. Basi piga msasa, paka rangi, acha ikauke kabisa, paka vanishi ya kung'aa, nayo ikauke. Kisha ndipo ubandike. Mwisho paka vanishi juu ya stika na kingo zake, ili kucha za mtoto zisipate pa kuanzia kuing'oa.

NNE, NJIA YA GUNDI NA KIOO

Njia ya pili haitaki selotepu, nayo yafaa sana kwa mti. Paka gundi nyeupe juu ya mbao laini. Laza kopi juu yake, maandishi yakitazama chini. Kandamiza, ondoa hewa, uache mpaka kesho. Siku ya pili lowesha mgongo wa karatasi na usugue kama tulivyosema. Karatasi itatoka, na wino utabaki juu ya mbao.

Lakini ngoja! Kwa kuwa karatasi imelala kifudifudi, maandishi yatatokea kinyume. Kwa hiyo lazima kopi yenyewe iwe kinyume tangu mwanzo, ili ikigeuzwa isomeke sawasawa.

Sasa chukueni vioo vyenu. Andikeni neno NGARA, mkalielekeze kwenye kioo. Mwaona nini? Neno limeanzia mwisho: A, R, A, G, N. Tena herufi N, G na R zimegeuka zikatazama upande mwingine. Lakini A haikubadilika. Kwa nini? Kwa sababu nusu yake ya kushoto ni sawa na nusu yake ya kulia.

Jaribuni BIHARAMULO. Lina herufi kumi. Tatu zinageuka: B, R na L. Saba hazibadiliki: I, H, A, A, M, U na O. Mtu aliyezijua herufi kwa kukariri tu atashangaa hapa. Mtu aliyezijua umbo lake ataziandika mbele na nyuma bila hofu.

Kuna njia rahisi ya kupata maandishi ya kinyume bila kompyuta. Andika neno kwa kalamu nyeusi juu ya karatasi nyembamba. Geuza karatasi, uishike juu ya kioo cha dirisha wakati wa jua. Utaona herufi zikipenya upande wa nyuma. Zifuatishe kwa kalamu. Kisha toa kopi ya upande huo wa nyuma.

TANO, RANGI

Mashine ya kutoa kopi haina wino mweupe. Palipo peupe katika kopi ni weupe wa karatasi tu, na sisi karatasi tunaiondoa. Kwa hiyo palipokuwa peupe patapenya na kuonyesha rangi ya gari. Ukibandika kibao cha namba juu ya gari jekundu, kibao kitakuwa chekundu.

Dawa yake ni kupaka kwanza kipande cha rangi mahali pa kibao. Katika nchi yetu magari ya watu binafsi yana vibao vya manjano vyenye maandishi meusi. Magari ya biashara, kama mabasi na malori, yana vibao vyeupe vyenye maandishi meusi. Namba zetu huanza kwa herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Pale Rusumo mwanafunzi aweza kujizoeza kusoma: R ni Rwanda, U ni Uganda, K ni Kenya. Fundi anayesoma vibao hivyo ataweza kutengeneza lori la nchi yoyote, na watoto wanaojua watamsifu.

SITA, AFYA YA MTOTO

Hapa nawaomba msome polepole, kwa maana jambo hili ni kubwa kuliko yote tuliyosema.

Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani. Gari ulilompa atalilamba, atalitafuna. Ziko rangi zenye madini ya risasi, hasa rangi za zamani na baadhi ya rangi za mafuta. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo wake. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chochote cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Tena mtoto anayedhurika haonyeshi dalili mara moja. Anacheza na kucheka kama wengine.

Kwa hiyo, ununuapo rangi, soma maandishi ya kopo. Mtake muuzaji akuonyeshe palipoandikwa kwamba rangi haina risasi. Asipoweza kukuonyesha, usiinunue kwa gari la mtoto. Usitumie mabaki ya rangi yasiyo na karatasi ya maelezo. Usikwangue rangi ya gari bovu wala ya mlango wa zamani mahali watoto wanapocheza, kwa maana vumbi lake ni sumu. Usitumie vipande vya betri kuu kuu kama uzito wa gari. Na kama huna rangi iliyo salama, acha mti ubaki na rangi yake ya asili, ubandike maandishi meusi juu yake. Mti uliopigwa msasa vizuri ni mzuri pia.

Kingo za bati nazo zikunjwe ndani, zisimkate mtoto. Vanishi ipakwe nje penye upepo, na stika ndogo zisiachwe mikononi mwa mtoto anayetambaa.

Mnaona sasa kwa nini nilisema mna jambo zito ndani ya jambo dogo. Fundi asiyejua kusoma aweza kuwa na mkono hodari na moyo mwema, naye akauza sumu bila kujua. Fundi anayesoma kopo amemlinda mtoto wa jirani.

SABA, FAIDA

Tufanye hesabu ya mfano. Bei za kwenu mtazijaza wenyewe. Tuseme gari la mti lisilo na maandishi lauzwa shilingi 5,000, na lenye maandishi safi lauzwa shilingi 7,000. Tofauti ni shilingi 2,000. Tuseme kopi, selotepu na vanishi ya gari moja vimegharimu shilingi 600. Toa 600 katika 2,000. Zabaki shilingi 1,400. Tena karatasi moja ya kopi yaweza kubeba majina ya magari mengi. Jazeni karatasi nzima kabla ya kwenda dukani, msilipie nafasi tupu.

Anza na gari moja. Litengeneze kwa utaratibu, uliweke mezani wiki moja, uone kama kingo zinabanduka. Ndipo utengeneze kumi. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Lori la kweli lina urefu wa mita 9. Gari la mti lina urefu wa sentimita 30. Lori ni kubwa mara ngapi?

2. Andika neno KABANGA. Ni herufi zipi hazibadiliki katika kioo?

3. Kwa nini kopi hujaribiwa kwa kidole kilicholowa?

4. Utafanya nini ili kibao cha namba kiwe cha manjano juu ya gari la buluu?

5. Leteni darasani kopo tupu la rangi. Someni pamoja kila neno lililoandikwa. Je, limeeleza habari za risasi?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi achague jina moja la gari, aliandike kwa herufi zenye kimo cha sentimita 4, na mwenzake alisome kwa sauti. Majina yasiyo na kosa yakusanywe katika karatasi moja, ipelekwe kutolewa kopi.

Ndugu zangu, someni kwa bidii, mfanye kazi kwa uangalifu. Kwaherini.